Vitambaa Vinne vya Mama Grace

Safari nzima imenigharimu shilingi laki moja, elfu arobaini na tatu na mia mbili. Nimejumlisha mara mbili. Mara ya kwanza zilizidi, kisha nikagundua nimetia na chakula nilichokula kwa mdogo wangu Pendo, na Pendo hajanitoza, angalau bado. Katika hizo hamna nusu ya tiketi, maana hiyo ililipwa na mwanamke wa Kichina aitwaye Grace, anayefanya kazi pamoja na Pendo kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Birmingham, Uingereza. Nawaandikia nyinyi wenzangu wa soko la Kongowea kwa sababu mlinichangia, na kwa sababu baadhi yenu mna kitu kisicho chenu wala changu. Nitafika huko.

Sababu ya kuondoka ni jozi moja ya viatu. Mnaonijua mnajua nauza mitumba ya watoto, safu ya nne, jirani na wauza nazi. Magunia mengi nanunua kama kila mtu, lakini mara mbili kwa mwaka Pendo hunitumia pipa kwa meli. Wenzake kazini wakisafisha nyumba zao humpa viatu vya zamani, naye hapendi kuona kitu kikitupwa. Hilo tumerithi wote. Agosti iliyopita pipa likafika, na ndani yake mfuko uliotoka kwa Grace: raba za wanawe, kandambili, na viatu vya hariri ya zambarau iliyofifia, vimetariziwa ndege na maua, ncha zimechongoka, virefu kama kiganja changu na vidole viwili juu yake. Nikasema hivi ni vya mtoto wa miaka minne mwenye harusi ya kwenda.

Lakini muuza viatu husoma soli. Soli ya mtoto huisha mbele, kwa sababu mtoto hukimbia na kusimama kwa vidole. Hii ilikuwa ya tabaka za kitambaa zilizoshonwa pamoja, na iliisha kisigino, upande wa nje, imekandamizwa na uzito wa mtu mzima. Niliona. Nasema ukweli wangu: niliona, nikanyamaza, kwa sababu mteja haulizi habari za kisigino.

Nikampelekea Kazungu, fundi wangu. Akatia kidole kwenye ncha za viatu, akavuta vitambaa vilivyosokotwa vikagandamana, viwili kila upande.

"Hizi taka nitupe, Mama Baraka?"

"Taka nitaitambua mimi. Lete."

Nikavihesabu: vinne. Buluu iliyokoza, upana wa vidole vinne, urefu kutoka begani hadi kwenye kucha zangu. Pamba iliyofumwa kwa mkono, haichaniki hata kwa meno, nilijaribu. Mnajua kamba za kufungia jozi zinavyosumbua. Nikavifua kwa sabuni ya unga, nikavianika, nikaviweka na kamba nyingine. Kazungu akapiga soli mpya ya mpira juu ya ile kuukuu, mimi nikajaza gazeti kwenye ncha ili visimame vizuri, nikavipiga picha, nikaituma kwenye grupu la familia: "Nani ana binti jini?"

Dakika tisa baadaye Pendo akapiga simu. Nyuma yake nilisikia mwanamke analia.

Habari ilikuwa hivi. Mama yake Grace, mwenye miaka themanini na miwili, alikuwa amehamishwa kutoka nyumba kubwa kwenda chumba na sebule. Grace ndiye aliyefungasha. Alivikuta viatu kwenye kopo la biskuti, akadhani ni vya mwanasesere au ni vyake vya utotoni, akavitia kwenye mfuko wa Pendo. Mama alipovikosa aliuliza swali moja, akapata jibu moja, na tangu siku hiyo hakusema tena na bintiye. Akipikiwa anakula. Mlango anafungua. Neno hatoi. Na moyo wake ulikuwa na mshipa wa kufanyiwa upasuaji, madaktari wamekwisha kusema usicheleweshwe, naye akasema kwa daktari, si kwa binti, kwamba hatii sahihi karatasi yoyote mpaka viatu virudi.

Vitumwe kwa posta? Mama yake Grace alikataa, vimeshapotea kwenye mfuko mara moja. Nikamwambia Pendo nitavileta kwa mkono, Grace alipe tiketi yote, nikitegemea tutashuka hadi robo. Grace akasema atalipa nusu siku hiyohiyo, wala hakubishana. Hapo ndipo wasiwasi uliponiingia. Mtu asiyebishana bei ana shida ambayo pesa si sehemu yake.

Nikarudi kwa Kazungu mbio, akabandua soli ya mpira. Ilitoka, lakini ilibakiza mstari wa gundi ya manjano kuzunguka kiatu chote, kama konokono amepita. Kisha viza ikachukua wiki ishirini, na kila wiki Pendo akiniandikia: bado hasemi, bado hatii sahihi.

Mombasa, Jumamosi asubuhi, mwezi wa pili. Pendo alinionya kwamba masanduku yote duniani ni meusi, nifunge alama. Nikachukua kamba moja ya buluu kutoka kibandani, nikaifunga kwenye mkono wa sanduku, fundo juu ya fundo. Viatu nilivibeba kwenye mkoba, juu ya mapaja, ndege zote mbili. Jirani yangu alidhani nina majivu ya marehemu, akanipa pole. Nikapokea.

Uwanja wa ndege wa Birmingham, Jumapili mchana. Kijana wa forodha akafungua mkoba.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya mama mmoja wa huku."

"Mtoto wake ana miaka mingapi?"

"Ni vya mama mwenyewe. Ana themanini na miwili."

Akatazama viatu, akanitazama mimi. Niliona jibu langu halinisaidii. Akaita mwenzake, mwanamke, ambaye alivigeuza na kupitisha kidole kwenye gundi. Akauliza thamani yake. Sasa fikirieni: nikitaja kubwa, ushuru, nikitaja ndogo, kwa nini nimevuka mabara mawili nimevipakata? Jasho likanitoka na nje kulikuwa na baridi ya friji. Nikasema, "Sijui." Miaka ishirini na sita sokoni, hiyo ndiyo mara ya kwanza kusema hivyo kuhusu kiatu. Yule mwanamke akavitazama tena, akavifunga yeye mwenyewe, taratibu, akanipa. Sanduku langu nikalitambua kwa mbali, utepe wa buluu ukining'inia. Nikajisifu kwa akili.

Acocks Green, jioni ileile. Pendo anakaa mwendo wa dakika sita kutoka stesheni ya treni, nyumba nyembamba iliyobanwa na wenzake pande mbili. Sanduku likabaki chini ya ngazi. Alipoona gundi kwenye viatu alikaa chini.

"Dada! Ulivipigia soli?"

"Nilipiga, nikatoa."

"Mungu wangu. Utamwambia?"

"Akiuliza."

"Ataona, dada. Huyo mama aliuza chakula cha kichina dirishani miaka arobaini. Alikuwa akishika noti anajua kama ni feki bila kuitazama." Kisha akanishika bega. "Usi-panic. Lakini utamwambia. Upasuaji umepangwa Alhamisi. Asipotia sahihi kufika kesho kutwa saa kumi, nafasi anapewa mtu mwingine, na foleni ya hapa siyo ya mchezo."

Alum Rock, Jumatatu. Pendo aliingia kazini, nami sikulala vizuri, kwa hiyo nilikwenda kutafuta utepe wa zambarau wa kufunika ule mstari wa gundi. Barabara ile ni ndefu na maduka yameshikana mikono: mboga, shanga, mabibi harusi wa plastiki madirishani. Nikaingia duka la vitambaa. Mzee wa Kihindi akanisikia nikijihesabia pesa polepole kwa Kiswahili, akacheka.

"Mama, umetoka wapi?"

"Mombasa."

"Mimi Kisumu. Nilitoka mtoto. Hapa bei ni bei, usinianzie mambo ya Mombasa."

Nilianza, na akapunguza. Kisha akaomba kuona kitu chenyewe ili alinganishe rangi. Nikavitoa. Akavaa miwani, akaviangalia bila kuvigusa, akaurudisha utepe kwenye rafu.

"Siuzi."

"Nimeshakubali bei yako!"

"Siuzi, mama. Umetia gundi, sasa unataka kutia na sindano? Ulichofanya kinatosha. Vipeleke kama vilivyo."

Nilitoka mikono mitupu, na aibu ambayo sikuilipia.

Kings Heath, Jumanne, saa nne asubuhi. Kuna basi namba kumi na moja, linazunguka jiji kama mbwa anayetafuta mahali pa kulala; ukikaa muda wa kutosha linakurudisha ulipopandia. Pendo, aliyekuwa na siku ya mapumziko, alinisukuma tushuke kabla sijalipenda wazo hilo. Barabara kuu ilikuwa imejaa watu na meza za matunda, na juu ya maduka, ngazi ya nyuma, ndiko mama anakoishi.

Grace alifungua. Mwanamke wa hamsini na kitu, nywele fupi, sare ya kazi, macho ya mtu aliyelala kwa zamu. Akanishika mikono miwili, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nitakaa jikoni. Nikiwa sebuleni hataongea na yeyote."

Mama alikuwa amekaa wima kwenye kiti, mdogo, fimbo magotini. Mbele yake sahani ya biskuti: sita. Sisi wawili, yeye wa tatu, mbili mbili. Nikajua nimekutana na mwenzangu. Kiingereza chake ni cha dirishani na changu ni cha sokoni, kwa hiyo tulielewana.

Nikamsalimia kama ninavyomsalimia mtu wa rika hilo: "Shikamoo, Mama Grace."

Pendo akamweleza kwamba kwetu mama huitwa kwa jina la mwanawe. Mama akaigeuza fimbo magotini. Jikoni kijiko kilichokuwa kikigonga kikombe kikaacha.

"Kwetu," alisema hatimaye, "mama yangu aliandikwa kwenye kitabu cha ukoo 'mke wa Liu'. Basi. Kama hapakuwa na mtu." Akafikiri kidogo. "Mama Grace. Sawa. Viatu."

Nikamkabidhi. Alivishika kila kimoja kwenye kiganja. Akakigeuza. Kidole chake kikapita kwenye gundi, kikasimama, kikapita tena.

"Nani?"

"Fundi wangu. Mimi ndiye niliyemwagiza. Nilidhani ni vya kuuza. Kwetu kiatu hakipandi mezani bila soli."

"Bei gani?"

"Mia na hamsini za huko."

"Alikuibia," akasema, nami nikapumua, kwa sababu nilidhani yamekwisha. Kisha akatia kidole kwenye ncha ya kiatu.

Wenzangu, nilisahau gazeti. Alilivuta, akalinyoosha juu ya paja. Lilikuwa tangazo la mnada wa ng'ombe Kilifi. Akatia kidole kwenye kiatu cha pili, akatoa nusu ya pili ya ng'ombe.

"Cha ndani kiko wapi?"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Vitambaa vya buluu?" nikauliza, kana kwamba kulikuwa na vingine.

"Vinne," akasema.

"Vinne," nikasema. "Nilivihesabu. Nikavifua. Nikavitumia kufungia viatu vya watoto, sokoni."

Pendo alifunika uso. Mama Grace aliviweka viatu mezani, taratibu, kando ya biskuti, akasukuma karatasi ya hospitali iliyokuwa pale kwa ncha ya fimbo mpaka ikaanguka chini. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Grace amesimama pale, mweupe kama ukuta. Ile karatasi chini, na saa ya ukutani inakwenda, na mimi nimekaa na ng'ombe wa Kilifi. Nikaanza kuhesabu kwa sauti, maana hilo ndilo ninalofanya nikiogopa.

"Viwili vilikwenda siku ya Jumamosi moja, watu walinunua jozi jozi. Kimoja sijui, kilikuwepo kwenye ndoano, kisha hakikuwepo. Vitatu hivyo. Na cha nne..." Nikasimama. "Pendo. Sanduku."

"Sanduku gani?"

"Langu! Alama! Kiko kwenye mkono wa sanduku, chini ya ngazi yako!"

Pendo alimweleza mama kwa Kiingereza cha haraka. Mama akasikiliza, akaitazama fimbo yake, kisha akageuza kichwa kuelekea jikoni na kusema kitu kifupi kwa lugha yao. Grace akaanza kulia na kucheka, huku akipapasa mfukoni.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema leta gari."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza baada ya miezi mitano na nusu kati ya mama na binti. Nayachukua kama yalivyo.

Acocks Green tena, saa sita na robo. Mama Grace alikataa tumletee kitambaa garini. Akaingia nyumbani kwa Pendo mwenyewe, hatua kwa hatua, akakaa kwenye ngazi ya pili kutoka chini, na sanduku langu likawekwa miguuni pake kama mgonjwa.

Fundo langu mnalijua. Nililikaza ili sanduku lisiibiwe Uarabuni nikibadilisha ndege. Nikajaribu kwa kucha, nikajaribu kwa meno. Pendo akaleta mkasi. Mama Grace alimpiga kofi la mkono, si kubwa, lakini mkasi ulianguka.

"Kimekwisha kukatwa," alisema. "Kisikatwe tena."

Akalifungua mwenyewe. Ilimchukua muda mrefu. Sisi watatu tulisimama kwenye korido ile nyembamba tukimwangalia, na nilifikiri, moyo huu ukikataa hapa, kwenye ngazi ya Pendo, kwa ajili ya fundo langu, nitakwenda wapi? Fundo la kwanza likaachia. Kisha la pili. Akakilaza kitambaa juu ya goti, akakinyoosha kwa kiganja. Akamwita Grace akae ngazi ya chini yake, akaanza kusema, kwa lugha yao, na Grace akawa anatufasiria kipande kipande, wakati mwingine akisahau.

Nitawapa kama nilivyopokea. Mama yake Mama Grace alifungwa miguu akiwa na miaka sita, ili isikue, desturi ya kwao zamani. Mama yake mzazi ndiye aliyemfunga. Vidole vinne vilikunjwa chini ya unyayo, kitambaa kikazungushwa kikiwa kibichi ili kikikauka kibane, na kila baada ya siku chache kikafunguliwa ili kikazwe zaidi. Mama huyo alikuwa akilia huku anavuta. Alivuta kwa sababu mshenga akija kuuliza binti, haombi kuona uso, anaomba kuona kiatu. Na kweli mguu mdogo ulimpeleka kwenye nyumba yenye kinu na mashamba. Huko akakaa kitandani akifuma nguo kuanzia alfajiri, mwaka hadi mwaka, kwa sababu mtu asiyeweza kwenda mbali hufuma nyingi. Hapo nikainamisha kichwa. Mimi ni mtu wa biashara. Niliielewa hesabu ya wakwe zake upesi kuliko nilivyopenda.

Kisha serikali ikasema miguu ifunguliwe. Wakaja wanaume na daftari, mlango kwa mlango. Baba mkwe akalipa faini, vitambaa vikabaki. Halafu vijana waliosoma mjini wakaanza kuwacheka wanawake wale barabarani, kwamba wao ndio aibu ya nchi.

"Kwanza walicheka mguu mkubwa," Grace alifasiri. "Halafu wakacheka mguu mdogo. Mwenye mguu hakuulizwa mara zote mbili."

Mwaka ambao Mama Grace alizaliwa, vita vikiwa vimemchukua baba, bibi mzaa baba alimtazama mtoto akasema: miguu ya huyu nitaifunga mwenyewe akifika miaka sita, serikali ipende isipende. Wiki hiyohiyo yule mama akafungua miguu yake. Na kufungua kuliuma kama kufunga, kwa sababu mifupa ilikuwa imekwisha kuzoea. Vidole havikurudi juu mpaka anakufa. Akachukua vitambaa vyake, virefu kila kimoja kama chumba, akavikata vipande vifupi. Vingi akachoma. Vinne akabakiza. Akajishonea viatu vikubwa kidogo, hivyo vya zambarau, na kwa kuwa mguu wake haukuvijaza, akavitia vinne hivyo kwenye ncha ili aweze kutembea. Alitembea navyo mpaka kwenye treni, mtoto mgongoni.

"Kwa nini alivikata?" Pendo aliuliza. "Si angevikunja tu?"

Mama Grace alikishika kitambaa ncha mbili, akakizungusha kwenye kifundo cha mguu wake mwenyewe, juu ya soksi. Kilizunguka mara tatu tu, kikaisha.

"Ili kisitoshe," alisema kwa Kiingereza. "Kisitoshe mguu wowote tena."

Nami nilikuwa nimefungia navyo viatu vya watoto.

Grace akamwuliza jambo. Nilielewa bila mkalimani: kwa nini hukuniambia? Mama akajibu akitazama ukuta. Grace hakufasiri palepale. Alitueleza Alhamisi, hospitalini tukingoja. Mama Grace na mama yake walipofika Hong Kong, watoto wa shule walimwigiza huyo mama anavyotembea, kwa visigino, akiyumba. Mama Grace naye, mtoto wa miaka tisa, akawa anatembea mbele ya mama yake hatua ishirini, ili wasijulikane kuwa pamoja. Alizihesabu. Alikuwa anangoja kumwambia Grace siku atakayoweza kuitaja ile ishirini. Siku hiyo haikufika, ikafika ya kuhama nyumba.

Saa saba kasoro. Grace alitoa ile karatasi ya hospitali kwenye mkoba, imekunjamana, akaiweka kwenye ngazi pamoja na kalamu. Mama Grace hakuigusa. Akanitazama mimi.

"Vitatu?"

"Vipo," nikasema. "Mombasa ni kubwa, lakini wateja wangu nawajua."

"Lini?"

"Nipe miezi miwili."

"Mmoja."

"Mama, kuna waliotoka Kaloleni, kuna waliotoka Mariakani. Miwili."

"Mwezi mmoja na nusu," akasema, "na nikifa Alhamisi, unamdai... hapana." Akatafuta neno. "Yeye anakudai wewe. Grace. Si mimi. Vyake."

Tukapeana mkono. Mkono wake ulikuwa baridi na una nguvu. Ndipo akachukua kalamu na kutia sahihi, akaandika jina lake lote kwa herufi zao, kubwa, mpaka zikavuka mstari. Walipotoka kwenda kwenye gari nilisimama mlangoni. Grace alikuwa na hatua ndefu, ya mtu wa zamu. Niliona anaipunguza, anaipunguza tena, mpaka ikawa sawasawa na ya fimbo.

Alhamisi, hospitalini. Saa tano na nusu za kungoja. Sina la kueleza ila kwamba kiti changu kilikuwa cha kumi na tatu kutoka mlangoni, nikahama, nikahesabu tena, kikawa cha kumi na mbili. Grace alikuwa amekifunga kitambaa kwenye kiganja, anakifungua, anakifunga. Daktari alipotoka tuliinuka wote watatu kabla hajafungua mdomo. Akasema, imekwenda vizuri, lakini kwa umri wake tusihesabu siku bado. Alimwambia mtu asiyefaa.

Jumamosi waliniruhusu nimwone. Mipira puani, macho yamefumba. Nikasema shikamoo. Hakufumbua, lakini mkono wake ulitoka kwenye shuka ukaonyesha vidole vitatu.

Mombasa, Jumatatu. Nimerudi na sanduku lisilo na alama. Nililitafuta dakika arobaini, na kweli yote ni meusi. Kabla ya kufika nyumbani nilipitia kwa Kazungu. Kile kisichojulikana kilikuwa kwake: amekitumia kupangusia gundi, kimekauka kama biskuti. Nimekichukua kama kilivyo. Sijakigusa kwa sabuni. Nimejifunza kwamba kitu kikiwa kichafu, pengine uchafu ndio habari yake. Nimejifunza pia kwamba nilisoma soli nikaacha kuuliza ni nani aliyeikanyaga, na kwamba kuuliza kusingenigharimu hata senti.

Kwa hiyo vimebaki viwili, na siku zangu ni thelathini na nane. Viliuzwa Jumamosi moja ya Septemba: kimoja kilifunga raba nyeupe za msichana, namba ishirini na tisa, zina nyota ubavuni, cha pili viatu vyeusi vya shule, namba thelathini na moja, bizimu moja la kufungia limebadilishwa. Kama ulinunua wewe, au dada yako, au jirani, tazama mlipotupa kamba: kwenye mlango wa kuku, kwenye ndoo, kwenye nywele za mtoto. Kilete kibandani kwangu, safu ya nne. Nitakurudishia pesa yote ya viatu, na viatu ubaki navyo, na mnajua sijawahi kumwambia mtu hivyo. Anayejua njia nyingine ya kuvipata anishauri, nitamsikiliza bila kubishana.

Ila tafadhali, usikifue.